Dobi Aliyeosha Majani

Wako watu wanaopenda usafi, halafu yuko Mzee Pasi. Mzee Pasi ni dobi. Amefua na kunyoosha nguo za mtaa mzima kwa miaka mingi, na hajawahi kurudisha shati lenye doa. Watu humtania kwamba akipewa moshi ataunyoosha.

Anafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna meza ndefu, pasi mbili za mkaa, na kamba ya kutundikia nguo zilizo tayari. Wateja husimama mlangoni, hupokea nguo zao, hushukuru na kuondoka. Hakuna anayeingia ndani. Zamani walikuwa wakiingia, kwa sababu mke wake alikuwa akiwakaribisha. Yeye mwenyewe hajui kukaribisha watu. Anajua kufua.

Mke wake alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Mzee Pasi huamka alfajiri, hupika chai ya mtu mmoja, na huinywa akiwa amesimama. Kukaa mezani peke yake kunamshinda. Siku nyingine jua huzama na maneno pekee aliyoyasikia kutwa nzima ni, "Asante mzee, nimechukua."

Uani, karibu na ukuta, umesimama mmea mmoja. Mke wake ndiye aliyeupanda. Mtu asiyeujua angesema ni gugu tu. Unafika kifuani. Majani yake ni marefu na membamba, maua yake ni madogo na meupe. Ukivunja jani, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Kwa sababu hiyo mke wake aliuita mmaziwa, na jina likabaki hilo hilo.

Alipokuwa hai, kila mvua zilipokaribia kwisha, vipepeo walizaliwa pale. Walikuwa na rangi ya chungwa, na pindo jeusi lenye madoa meupe kwenye mabawa. Mke wake alikuwa akiita kutoka uani, "Njoo uone!" Naye Mzee Pasi alikuwa akijibu, "Nina pasi ya moto mkononi. Nitaona kesho." Kesho hizo zilikuwa nyingi, na zote zimepita.

Mke wake alipozikwa, Mzee Pasi alijiapia kwamba mmea ule hautakufa. Alijua njia moja tu ya kutunza kitu, nayo ni kukisafisha. Kila asubuhi alichota maji, akakoroga sabuni, akachukua kitambaa laini. Akayafuta majani moja moja, juu na chini. Huku akifuta, alizungumza na marehemu. Alimweleza nani ameleta nguo, na nani amenenepa mpaka suruali haifungi. Majani yalitakata mno. Ungedhani yametiwa wanga kama kola.

Mmea ulistawi, lakini vipepeo hawakuzaliwa tena. Wakubwa walikuja, wakazunguka, wakatua kidogo, wakaenda zao. Mvua zikapita bila kipepeo mchanga hata mmoja. Mvua nyingine zikapita, hali ikawa ile ile.

Jambo hili lilimuumiza sana Mzee Pasi. Aliona kwamba hata wadudu wamejua nyumba ile haina mtu.

Binti yake ni muuguzi katika mji wa mbali. Hana kaka wala dada, na bado hajaolewa. Kila Jumapili jioni humpigia baba yake simu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Jumapili moja binti alicheka kidogo, kisha akasema, "Baba, funga nyumba uje tukae wote huku. Utakaa peke yako mpaka lini?"

"Na mmea wa mama yako nimwachie nani?"

"Baba, ule ni mmea tu."

Mzee Pasi hakulipenda neno hilo, lakini hakugomba. Alifikiri, kisha akasema, "Nisikilize, mwanangu. Tungoje mvua hizi ziishe. Vipepeo wasipozaliwa tena, nitafunga mlango nije. Nitajua kwamba hapa hapana changu."

"Na wakizaliwa?"

"Wakizaliwa, nabaki na mama yako."

"Haya, Baba," alisema binti. "Ahadi ni deni."

Kuanzia siku hiyo Mzee Pasi aliongeza bidii. Alidhani vipepeo wanachukia uchafu. Badala ya kufuta majani mara moja kwa siku, akawa anafuta asubuhi na jioni. Masikini, mtu akipotea njia halafu akaongeza mwendo, hupotea zaidi.

Asubuhi moja alikuwa akifuta kwa nguvu, jani likavunjika. Utomvu ukamchuruzika vidoleni. Jua lilikuwa kali, jasho likamwingia jichoni, naye akalifuta kwa mkono ule ule. Jicho likawaka moto.

Wakati huo huo alifika Bibi Shamba. Huyu ni mtaalamu wa kilimo wa eneo lile. Kazi yake ni kutembelea mashamba na bustani na kuwashauri watu. Sare zake huwa zimejaa tope, na ni Mzee Pasi anayezifua. Alipiga hodi mlangoni, hakuitikiwa. Akasikia mtu akiguna uani, akapita moja kwa moja. Alimkuta mzee ameinama, machozi yanamtiririka.

"Pole, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kulia si vibaya. Mama alikuwa mtu mwema."

"Silii," alijibu Mzee Pasi. "Ni huu utomvu. Umeniingia jichoni."

"Basi usilisugue. Maji safi yako wapi?"

Bibi Shamba alinawa mikono kwanza. Akamkalisha mzee kwenye kigoda, akamwinamisha kichwa upande, akamwambia afumbue jicho. Kisha akamimina maji polepole, kikombe baada ya kikombe, mpaka ndoo ikaisha. Akachota nyingine.

"Utomvu wa mmea huu si wa kuchezea," alisema huku akimimina. "Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, usione uvivu. Ukiona ukungu, au maumivu hayapungui, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukimaliza kuushika mmea, nawa kwa sabuni kabla hujagusa uso. Bora zaidi vaa glavu."

Jicho lilianza kutulia. Mzee Pasi akajifuta uso. Kisha akasema, "Lakini kulia nako nilikuwa nalia. Kidogo."

Bibi Shamba aliweka ndoo chini. Alitazama beseni la povu na kitambaa kilichoanguka chini. "Mzee, kwani ulikuwa unafanya nini?"

"Nausafisha mmea. Huwa nausafisha kila siku."

"Kila siku? Majani yote?"

"Yote, juu na chini. Chini ndiko kunakochafuka zaidi. Kuna vijidoa vyeupe, vidogo kama kichwa cha pini. Nikivifuta leo, baada ya siku chache vimerudi. Ni visumbufu kweli."

Bibi Shamba aligeuza jani moja ambalo lilikuwa bado halijafutwa. Alilitazama kwa makini, akamwita mzee asogee.

"Ni hivi?"

"Ndivyo hivyo."

"Mzee wangu, haya si madoa. Haya ni mayai. Kipepeo huyataga hapa, moja moja, chini ya jani."

Mzee Pasi alilitazama yai kwa jicho lake zima. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo walikuwa wanakuja," alisema mwishowe.

"Walikuwa wanakuja siku zote. Kipepeo huyu hatagi popote isipokuwa kwenye mimea ya aina hii yenye utomvu. Watoto wake hawali kitu kingine. Yai linaanguliwa, anatoka kiwavi. Kiwavi anakula majani wiki mbili hivi, ananenepa. Halafu anajifunga ndani ya kifuko, anatulia humo, anageuka kuwa kipepeo. Ukifuta yai, umefuta yote hayo."

"Mimi nimewafuta kwa kitambaa," alisema Mzee Pasi. "Mvua baada ya mvua. Na sabuni juu yake."

"Hukujua, mzee."

"Nilisema nyumba imekufa. Kumbe wageni wanakuja, mimi ndiye ninayewatupa nje."

Aliona aibu, na aliona uchungu mkubwa kuliko aibu. Bibi Shamba akamwuliza, "Mama alikuwa akiyaosha majani haya?"

Mzee Pasi alifikiri. "Hapana. Hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kwamba kona yake ni chafu."

Kesho yake asubuhi alitoka uani bila beseni. Mikono yake haikujua pa kukaa. Mara aliiweka nyuma, mara kiunoni. Alijaribu kuzungumza na marehemu kama kawaida, lakini bila kitambaa maneno hayakutoka vizuri. Alimwambia tu, "Nisamehe, mke wangu," akarudi kwenye pasi.

Bibi Shamba alikuwa amemwambia pia kwamba mmea mmoja hautoshi. Viwavi ni walafi, wanaweza kuumaliza wote kabla hawajakua. Jioni hiyo alirudi na miche miwili mikubwa aliyoing'oa kandokando ya barabara pamoja na udongo wake. Wakaipanda mahali penye jua kutwa, mbali na njia. Bibi Shamba alieleza kwamba mbuzi au ng'ombe akiila ataugua, na mtoto mdogo asiachwe kuitafuna.

Kisha wakapasua matunda makavu ya mmaziwa. Ndani yake mlikuwa na mbegu za kahawia, kila moja ina nyuzi laini nyeupe kama pamba. Mzee Pasi alizibeba mpaka kwenye beseni.

"Unazipeleka wapi?" aliuliza Bibi Shamba.

"Nazisuuza kidogo."

"Mzee Pasi, usizifue mbegu. Toa hizo nyuzi, fukia mbegu kina cha ncha ya kidole, nyunyizia maji. Basi."

Mzee Pasi alicheka. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka uani, akanyamaza haraka. Wakaotesha mbegu katika makopo ya rangi waliyoyatoboa chini ili maji yasituame. Pembeni yake wakapanda maua mengine, maana kipepeo mkubwa hali majani. Yeye hunywa utamu wa maua.

Siku chache baadaye viwavi walitokea. Mwanzoni walikuwa wadogo kama uzi uliokatwa. Kisha wakanenepa, wakawa na mistari myeusi, myeupe na ya manjano, kama soksi za mcheza mpira. Wakala usiku na mchana. Majani yakatoboka na kuchanika. Vinyesi vyeusi vikazagaa. Kwenye vichipukizi wakajaa vidukari, wale wadudu wadogo wa manjano wanaonyonya maji ya mmea.

Kwa Mzee Pasi, hii ilikuwa adhabu. Alimpigia simu Bibi Shamba.

"Kona imechafuka vibaya. Kuna vinyesi kila mahali."

"Mzee, watoto wote ndivyo walivyo."

"Na vidukari?"

"Tazama kwanza kama hakuna yai wala kiwavi hapo. Kama hakuna, waponde kwa vidole ukiwa na glavu, au wamwagie maji matupu waanguke. Usitie sabuni wala dawa."

"Mkono unaniwasha, Bibi Shamba."

"Ukikuwasha, zifue sare zangu. Ziko hapo tangu juzi."

Taabu nyingine ilitoka upande wa pili wa ukuta. Jirani yake ni mama mwenye bustani ya mboga. Siku moja alichungulia, akaona viwavi. Muda si mrefu alikuwa mlangoni na bomba la dawa mgongoni.

"Mzee Pasi, samahani, lakini wadudu hao siwaachi. Wakimaliza kwako watahamia kwenye mboga zangu."

Zamani Mzee Pasi angetikisa kichwa tu na kurudi kwenye kazi yake. Safari hii alifungua mlango, akasimama mbele ya yule mama.

"Hawahami, jirani. Hawa hawali mboga. Wanakula mmea huu peke yake. Utomvu wake unawafanya wawe wachungu, hata ndege akimwonja mmoja hatamani tena."

"Nani kakwambia?"

"Bibi Shamba. Na mimi mwenyewe nimewatazama, asubuhi mpaka jioni. Sina kitu kingine cha kutazama." Alisita, kisha akaendelea, "Ngoja mpaka wakue. Jani moja la mboga zako likiliwa na hawa, nakufulia mapazia ya nyumba nzima bure."

Yule mama alimtazama. Katika miaka yote ya ujirani, hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Mapazia yangu ni mazito, ujue," alisema. Akageuka na bomba lake.

Majani ya mboga hayakuguswa. Lakini asubuhi moja Mzee Pasi alitoka uani, akakuta viwavi hawapo. Aligeuza kila jani. Alitafuta chini na ukutani. Hakuona hata mmoja. Mawingu nayo yalikuwa yamekwisha angani, na udongo ulikuwa umeanza kukauka.

Jumapili jioni simu iliita.

"Baba, huku mvua zimekatika," alisema binti. "Huko je?"

"Huku pia."

"Na vipepeo?"

Mzee Pasi alitazama uani. "Viwavi walikuwepo, mwanangu. Niliwaona kwa macho yangu. Wametoweka."

Binti hakufurahi kushinda. Alisema tu, "Pole, Baba. Nitakupangia safari." Mzee Pasi akaweka simu mezani.

Kesho yake alianza kukusanya nguo za wateja ili azirudishe zote. Alitoka kuanua mashati kwenye kamba fupi ya ukutani. Alipofika mwisho wa kamba, aliona kitu kinaning'inia. Alidhani ni kifungo cha gauni. Kilikuwa cha kijani, kinang'aa, kina vijidoa vya dhahabu. Alinyoosha mkono akitoe, kisha akaurudisha. Alikuwa amejifunza kuuliza kabla ya kusafisha.

Bibi Shamba alifika mbio mbio. Alitazama, akatabasamu.

"Huyu ndiye kiwavi wako. Akishiba huondoka kwenye mmea, hutafuta mahali pa kujining'iniza. Tafuta kwenye kingo za dirisha, chini ya meza, kila mahali. Ukiwaona, usiwaguse."

Walitafuta pamoja. Wakaona mwingine chini ya ubao wa dirisha, na wengine wawili ukutani, nyuma ya makopo ya miche. Mzee Pasi akaihamisha kazi yote kwenye kamba ndefu ya upande wa pili wa uani. Kamba fupi ikabaki tupu. Mteja mmoja alilalamika kwamba shati lake limechelewa kukauka. Mzee Pasi akamwambia, "Kamba ina mtu."

Mzee Pasi alimwomba binti yake asipange safari kwanza. Kifuko kilikaa. Kikakaa tena. Kisha rangi ya kijani ikafifia, na ndani yake ikaonekana rangi ya chungwa.

Asubuhi hiyo Mzee Pasi alikuwa na pasi ya moto mkononi. Kupitia dirisha linaloelekea uani aliona kifuko kikitikisika. Akaiweka pasi kwenye kibati chake, akatoka. Kifuko kilipasuka upande. Kiumbe chenye mabawa yaliyokunjamana kikajivuta nje, kikaning'inia.

Mzee Pasi akafungua mdomo aite, "Njoo uone!" Ndipo akakumbuka kwamba ndani hamna mtu. Alisimama pale mdomo wazi, na machozi yakamtoka, safari hii bila utomvu.

Halafu akageukia ukuta. "Jirani," aliita. "Jirani, njoo uone."

Yule mama alikuja na mikono yenye udongo. Wakasimama bega kwa bega wakitazama.

"Mbona amekunjamana hivi?" aliuliza jirani.

"Kama shati, ndiyo kwanza ametoka majini," alisema Mzee Pasi. "Anajinyoosha mwenyewe. Huyu hanihitaji."

Mabawa yalinyooka, yakakauka. Pindo jeusi likaonekana, na madoa yake meupe. Kipepeo akapepea mara moja, mara ya pili, akapaa juu ya ukuta. Jirani alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Nitakuja na kikopo," alisema. "Nipe mbegu kidogo."

"Chukua. Ila usizifue."

Mzee Pasi hakungoja Jumapili. Alimpigia binti yake pale pale.

"Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Wamezaliwa."

"Basi unabaki," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nabaki. Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, Baba. Kwa ajili yako nafurahi." Alivuta pumzi. "Lakini sikuwa nakuita kwa sababu yako tu. Nikitoka kazini narudi kwenye chumba kitupu. Huku hakuna mtu hata mmoja aliyemjua Mama. Hakuna wa kuzungumza naye habari zake. Mimi pia nimefiwa, Baba."

Kwa mvua zote zile Mzee Pasi alikuwa akidhani upweke ule ni wake peke yake. Hakuwahi kumwuliza binti yake hata Jumapili moja, "Na wewe, umekula?"

"Mwanangu," alisema, "watatu bado wananing'inia. Njoo."

"Lini?"

"Leo. Kesho. Utakapopewa ruhusa. Njoo uone, nami nitakueleza habari zake zote. Ziko nyingi. Sijapata mtu wa kumweleza."

Binti alikuwa analia, na mzee alimwacha alie. "Nitaomba ruhusa leo hii," alisema mwishowe.

Mzee Pasi alirudi ndani. Alizipita nguo za wateja, akaenda mpaka chumba cha nyuma cha binti yake, ambacho alikuwa hajakifungua tangu maziko. Akafungua dirisha. Akatoa shuka kitandani, akazibeba mpaka kwenye beseni, akakunja mikono ya shati, akaanza kufua.